Mafahali Wawili Katika Zizi Moja

Watu wengi wasikiapo neno "vijidudu" huingiwa na hofu, na hofu hiyo haikosi sababu. Kipindupindu, kifua kikuu, dondakoo na pepopunda, yote hayo ni maradhi yaletwayo na viumbe vidogo mno ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Walakini si vijidudu vyote vilivyo adui zetu. Mababu zetu walilitambua jambo hili kwa matendo, ingawa hawakuwa na chombo cha kuvionea. Mama wa Kikalenjin atiapo maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, akayaacha humo siku kadhaa mpaka yageuke mursik, kazi ile ya kugeuza haifanywi na kibuyu wala na mkaa. Hufanywa na vijidudu, navyo vikishakuwa vingi katika maziwa, huvizuia vile vingine viharibifu visipate nafasi. Maziwa yaliyoganda hukaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi kwa sababu yana walinzi wake.

Katika insha hii nataka kueleza habari za jaribio la kuwatumia walinzi wa namna hiyo juu ya ngozi ya mwanadamu. Tutaona jaribio hilo lilivyoanza, lilivyookoa watoto wachanga, lilivyoingiwa na dosari kubwa, na lilivyorudi tena katika zama zetu.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe kabla hatujazungumza habari za wakazi wake. Ngozi ya mtu mzima ina eneo karibu la mita 2 za mraba, nayo ina mikoa mbalimbali kama nchi yoyote. Mkono wa mbele ni mkavu kama nyika. Kwapa ni lenye joto na unyevu kama bonde la mto. Uso na mgongo una mafuta. Kila mkoa una wakazi wanaoupenda. Vipo vijidudu vinavyokula mafuta ya ngozi na kuyageuza kuwa asidi, na asidi hiyo huifanya ngozi iwe chungu kidogo, hata wageni wengi wabaya wasistawi hapo. Vipo vingine vitoavyo sumu ndogo ndogo zisizomdhuru mtu, ila huwaua majirani zao. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba ngozi yake ni ukuta mtupu. Ngozi ni mji wenye watu, na mji wenye watu hautekwi kwa urahisi kama mji uliohamwa.

Mtu wa kwanza kuviona vijidudu hivi vinavyoishi katika mwili wa binadamu alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Yeye alikuwa stadi wa kuchonga vioo vya hadubini, na mwaka 1683 aliwaandikia wataalamu wa London akiwaeleza jinsi alivyokwangua uchafu wa meno yake, akautazama, akaona humo viumbe vingi sana vikienda huku na huku. Karibu miaka 200 ilipita kabla watu hawajafahamu maana kamili ya jambo lile. Mwaka 1882 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alithibitisha kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu, na katika miaka ile ile Alexander Ogston, mpasuaji wa mji wa Aberdeen huko Uskochi, alikuwa akiupima usaha wa majipu. Humo aliona vitone vidogo vya mviringo vilivyoshikana kama zabibu katika shada lake, akaviita kwa jina la Kigiriki lenye maana hiyo, nasi twaviita stafilokoki. Mwaka 1884 Mjerumani mwingine, Rosenbach, alivigawanya vijidudu hivyo katika makabila mawili: vya rangi ya dhahabu na vya rangi nyeupe. Vya dhahabu ndivyo viletavyo majipu, na mara nyingine huingia damuni na kuua. Hata hivyo, watu wengi hukaa navyo puani maisha yao yote bila ya kudhurika. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Wazo la kukitumia kijidudu kimoja kumfukuza kingine halikuchelewa. Mwaka 1877 Louis Pasteur wa Ufaransa na mwenzake Joubert, walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa kimeta, waliona kwamba vijidudu vya kimeta havistawi vikitiwa pamoja na vijidudu vingine vya kawaida, nao wakasema kwamba huenda siku moja jambo hilo likafaa katika uganga. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Copenhagen, aliyeitwa Schiøtz, alitambua kwamba mgonjwa mwenye stafilokoki kooni, aliyelazwa kwa makosa pamoja na wagonjwa wa dondakoo, hakuambukizwa dondakoo. Basi akajaribu kuwapulizia stafilokoki kooni watu waliochukua vijidudu vya dondakoo. Wakati huo huo Mrusi Ilya Metchnikoff, aliyefanya kazi Paris, alikuwa akiwashauri watu wanywe maziwa yaliyoganda ili vijidudu vyake vyema vipambane na vile viozeshavyo matumboni. Lakini mawazo hayo yote yalifunikwa na sauti nyingine iliyokuwa kubwa zaidi.

Sauti hiyo ilikuwa ya dawa. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliigundua penisilini, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia dawa hiyo ikaanza kuwaponya askari waliokuwa karibu kufa kwa vidonda. Watu wakadhani kwamba vita vya binadamu na vijidudu vimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza vimeanza. Mwaka 1947 Mary Barber, daktari wa hospitali moja ya London, alionyesha kwamba stafilokoki nyingi katika hospitali yake zilikuwa hazisikii tena penisilini. Dawa ilikuwa imeviua vijidudu dhaifu, ikaviachia nafasi vile vyenye nguvu. Paka akiondoka, panya hutawala.

Mapema katika miaka ya 1950, huko Australia, ilitokea stafilokoki ya dhahabu yenye ukali usio wa kawaida. Wataalamu waliipa namba 80/81. Haikusikia penisilini, nayo ilipendelea mahali ambapo palipaswa kuwa salama kuliko pote, yaani wodi za watoto wachanga. Mtoto alizaliwa mzima, na baada ya siku chache akatoka malengelenge yenye usaha. Wengine walipata kichomi, wengine sumu ya damu, na mama zao wakapata majipu ya matiti. Kutoka Australia ugonjwa huo ulionekana Uingereza, Kanada na Marekani. Wauguzi walisugua sakafu, wakachemsha nguo, wakavaa vitambaa vya kufunika midomo, hata baadhi ya wodi zikafungwa. Lakini zilipofunguliwa, adui alirudi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Katika hospitali moja ya New York walikuwapo madaktari wa watoto, miongoni mwao Henry Shinefield na Heinz Eichenwald, waliokuwa wakifuatilia njia za ugonjwa huu. Waligundua kwamba muuguzi mmoja alikuwa akichukua 80/81 puani mwake. Walipowapima watoto aliowashika, waliona jambo la ajabu. Wale waliokuwa hawajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Lakini wale waliokwisha pita siku moja hawakuambukizwa, ingawa mikono iliyowashika ilikuwa ile ile. Kulikuwa na tofauti gani baina ya mtoto wa saa 10 na mtoto wa saa 30? Walipochunguza zaidi waliona kwamba watoto wakubwa kidogo walikuwa wamekwisha kaliwa puani na kitovuni na stafilokoki nyingine zisizo kali. Mahali palikuwa pana mwenyewe. Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa methali hiyo ilithibitika mahali ambapo wahenga hawakupata kupafikiria.

Basi madaktari wale wakajiuliza: ikiwa mwenyeji wa kwanza humzuia mgeni, kwa nini tusimchague sisi wenyewe huyo mwenyeji wa kwanza? Walikuwa na stafilokoki moja iliyotoka puani mwa muuguzi mwingine, nayo ilipewa namba 502A. Ilikaa kwa watoto bila ya kuwaletea maradhi, na tena penisilini iliweza kuiua kama ingehitajika. Wakaikuza, wakaizimua, na kwa pamba ndogo wakawapaka watoto wachanga kiasi kidogo sana puani na kitovuni, saa chache baada ya kuzaliwa.

Mapema katika miaka ya 1960 njia hiyo ilijaribiwa mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umewaka kama moto, kwanza katika jimbo la Ohio, kisha Georgia na Louisiana. Katika wodi hizo baadhi ya watoto walipakwa na wengine hawakupakwa, ili tofauti ionekane wazi. Tofauti ilionekana. Waliopakwa 502A walipatwa na 80/81 mara chache mno kuliko wenzao, na watoto wote walipoanza kupakwa, ugonjwa ukazimika. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1963, na hospitali nyingine zikaifuata njia hiyo. Baadaye ilitumiwa hata kwa watu wazima waliosumbuliwa na majipu yasiyokoma: kwanza mgonjwa alipewa dawa za kuziua stafilokoki zake za zamani, kisha akapakwa 502A ili ikalie mahali palipoachwa wazi. Wengi wao walipata nafuu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mwanafunzi wa historia hapaswi kusimama kwenye sifa tu. 502A haikuwa malaika. Ilikuwa ya kabila lile lile la dhahabu alilotoka adui, ila ni mpole zaidi. Baadhi ya watoto waliopakwa walitokwa na vipele vidogo vya usaha, ambavyo havikuwa na hatari kubwa. Kisha, mwaka 1972, iliandikwa katika jarida la madaktari habari ya mtoto mchanga aliyepakwa 502A, ikamwingia damuni, naye akafa. Kwa wakati huo ule ugonjwa wa 80/81 ulikuwa umepungua sana, na zilikuwa zimepatikana dawa mpya, kama vile methisilini, ambazo ziliweza kuziua stafilokoki zisizosikia penisilini. Kwa hiyo madaktari wakaiacha njia ya 502A.

Je, walikosea walioianza? Hilo ni swali gumu, nami ningependa kila msomaji alipime mwenyewe. Upande mmoja wapo watoto wengi waliokingwa, ambao majina yao hayajulikani, kwa sababu mtu aliyekingwa na ugonjwa hana habari ya kusimuliwa. Upande wa pili yuko mtoto mmoja aliyekufa kwa kitu alichotiwa kwa mkono wa daktari. Wodi ilipokuwa inawaka ugonjwa, kumpaka mtoto kijidudu kipole kulikuwa ni kumwokoa katika hatari kubwa kwa kumtia katika hatari ndogo. Lakini mahali pasipo moto, hakuna sababu ya kumtia mtoto mzima hatarini, hata kama hatari yenyewe ni ndogo kiasi gani. Kwa maoni yangu, walioianza njia ile walifanya haki katika wakati wao, na walioiacha nao pia walifanya haki katika wakati wao.

Tena tusisahau kwamba njia iliyopingana na hiyo, yaani ile ya kuua kila kijidudu, nayo ilikuwa na madhara yake. Katika miaka ile ile hospitali nyingi zilikuwa zikiwaosha watoto wachanga kwa dawa iitwayo heksaklorofini. Ilizipunguza stafilokoki kweli kweli. Lakini ilikuja kuonekana kwamba dawa hiyo hupenya katika ngozi na kuudhuru ubongo, na mwezi wa Desemba mwaka 1971 serikali ya Marekani ikawaonya madaktari wasiwaoshe watoto nayo kama desturi. Mwaka 1972 huko Ufaransa poda ya watoto ilitiwa heksaklorofini nyingi kupita kiasi kwa makosa ya kiwandani, na watoto 36 wakafa. Mwenye kudhani kwamba kuua vijidudu vyote ni usalama, na kuviacha baadhi ni hatari, na atafakari habari hiyo.

Kwa muda mrefu baada ya hapo jambo hili lililala. Lilizinduliwa na elimu mpya ya kuwatambua vijidudu kwa kuzisoma chembe za urithi wao, bila ya haja ya kuwakuza kwanza katika vyombo. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za watu 10 wenye afya, ambao ngozi zao zilichunguzwa katika mahali 20 mbalimbali. Waliona kwamba wakazi wa kwapa la mtu mmoja hufanana zaidi na wakazi wa kwapa la mwenzake kuliko na wakazi wa mkono wake yeye mwenyewe. Yaani mkoa ndio unaomchagua mkazi.

Elimu hiyo ilielekezwa kwenye ugonjwa wa ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mgonjwa wa ukurutu huwashwa mchana na usiku, na ngozi yake aghalabu hujaa stafilokoki za dhahabu. Katika mji wa San Diego, Richard Gallo na wenzake waligundua kwamba watu wenye afya wana stafilokoki za makabila mengine, zisizo za dhahabu, ambazo hutoa sumu za kuwaua wale wa dhahabu. Na wagonjwa wa ukurutu wana upungufu wa walinzi hao. Mwaka 2017 walieleza jinsi walivyochukua walinzi wachache waliobaki katika ngozi ya mgonjwa, wakawakuza wawe wengi, wakawachanganya na malai, wakampaka mgonjwa yule yule mkononi. Katika muda wa siku moja stafilokoki za dhahabu zilipungua sana. Mwaka 2021 walitoa habari za jaribio kubwa zaidi, la watu 54, waliopakwa mlinzi mmoja aliyechaguliwa kwa muda wa juma moja. Njia ilionekana kuwa salama. Lakini waliopata nafuu iliyo wazi ni wale tu ambao adui wao alikuwa wa aina inayouawa na sumu ya mlinzi huyo.

Tazama tofauti iliyopo baina ya kazi hii na ile ya 502A. Wale wa zamani walitumia jamaa wa adui. Hawa wa sasa wametafuta mlinzi wa kabila jingine. Ndiyo faida ya kusoma makosa ya waliotutangulia. Hata hivyo, safari bado ni ndefu. Kijidudu kingine, kilichotoka ngozini mwa watu wazima wenye afya, kilipakwa wagonjwa 15 wa ukurutu, na mwaka 2018 matokeo yake yakaleta matumaini makubwa. Lakini kilipopimwa kwa wagonjwa wengi zaidi, mwaka 2021, hakikuonekana kushinda dawa ya bandia isiyo na kitu ndani yake. Matumaini ya watu 15 hayatoshi kuwa elimu. Hii ndiyo sababu wataalamu hupima, wakapima tena.

Jambo hili linatugusa hata sisi wa Afrika, tena kwa namna ambayo wengi hawaitazamii. Mbu anayeeneza malaria hapa kwetu, aitwaye Anofelesi gambie, humtafuta mtu kwa harufu, na harufu hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na vijidudu vya ngozi vinapokula jasho letu. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi, waliowachunguza wanaume 48, walieleza kwamba waliopendwa sana na mbu huyo walikuwa na vijidudu vingi ngozini, lakini vya aina chache. Waliokuwa na aina nyingi hawakupendwa sana. Huenda basi siku moja mtoto wa Kisumu au wa Kilifi akalala salama zaidi kwa kuwajua vema wakazi wa miguu yake. Hiyo ni kazi ambayo bado inamngojea mtaalamu, na sioni sababu kwa nini mtaalamu huyo asitoke katika mojawapo ya madarasa yetu.

Yapo basi mafunzo ya kuchukua katika habari hizi. La kwanza ni kwamba usafi haujapoteza thamani yake. Kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni kunaokoa maisha kila siku, na mtu asitumie habari za vijidudu vyema kuwa kisingizio cha uvivu. Lakini kunawa ni jambo moja, na kujisugua kwa madawa makali ni jambo jingine. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliziondoa dawa 19 za kuua vijidudu katika sabuni za kuogea na kunawia, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. La pili ni kwamba mtu asiyaamini matangazo ya malai na mafuta yanayodai kuwa yana "vijidudu hai" vya kuponya kila kitu. Aulize kwanza: yamepimwa kwa nani, wangapi, na nani aliyehesabu?

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mwanadamu alipoanza kuvijua vijidudu alivitangazia vita, akadhani ushindi ni kuvimaliza. Habari ya wodi zile za watoto inatufundisha kwamba zizi likiachwa wazi halikai wazi. Fahali fulani ataingia. Iliyo kazi yetu ni kujua ni fahali gani tunayemfungulia mlango, na kumwangalia kwa makini hata baada ya kuingia.